Konzi Moja

Kabla maji hayajaingia sufuriani
mwanamke wa kwetu hutia mkono katika mchele,
huchota konzi moja, huitenga kwenye kopo.
Si ya mume, si ya mtoto, si ya mgeni.
Hiyo ni ya Mungu.
Asubuhi konzi, jioni konzi,
katika milima hii ya Mizoramu
ambako ukungu huamka kabla ya jogoo
na hata nyumba yenye deni dukani haikosi kopo lake.

Mimi nilikuwa mkusanyaji.
Kila Jumamosi kikapu mgongoni,
ukanda wake ukinibana paji la uso,
mlango hadi mlango, nikipima, nikiandika daftarini.
Kilo kumi na mbili nikaandika tisa.
Hakukuwa na kishindo.
Ni kalamu tu iliyoteleza
pale nilipotaka iteleze.

Tatu zilizobaki zilivuka mto Tiau usiku,
zikarudi zimekuwa chupa, zimekuwa karata.
Za mwizi arobaini, husema watu.
Zangu zilipita arobaini, zikapita mia,
na Jumapili nikapiga ngoma ya kanisa kama kawaida,
na wazee wakausifu mkono wangu.

Laiti wangenikamata.

Kopo la Bibi Saithangi naukumbuka uzito wake hadi leo.
Mjane, anapikia mdomo mmoja,
vidole vimekakamaa, ngumi haifungi,
punje humponyoka, huinama akaziokota.
Hilo nalo niliuza.

Sikufukuzwa. Nilijifukuza.
Miaka sita Aizawl chini ya malori,
oili hadi kwenye kope.
Nilimwambia Mungu: tusitafutane.
Hakujibu, nikadhani tumekubaliana.

Mke wangu Zonunsangi hakuwahi kuuliza nitarudi lini.
Kila simu: umekula?
Miaka sita: umekula?
Usiku mmoja nikajibu ndiyo
na sauti ikanikatika, maana sikuwa nimekula,
wala hilo silo nililokuwa naulizwa.

Nikapanda jipu la alfajiri.

Jioni ile nilimtazama akipika.
Mkono ukaingia katika mchele, ukatoka na konzi.
Ukaingia tena.
Nikasema: mbona mbili?
Akasema: moja yangu, moja yako.
Tangu lini?
Tangu ulipoondoka. Kwani ulidhani umeacha kutoa?

Na katika daftari la kanisa, kwa mwandiko wa binti Muanpuii,
ukurasa baada ya ukurasa, wiki baada ya wiki:
Rozama, konzi kumi na nne.
Rozama, konzi kumi na nne.
Mimi niliyeiba kwa kalamu
nilikuwa nimelipiwa kwa kalamu.
Magoti yakaniishia nguvu palepale, daftari mkononi.

Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema.
Mzee Hrangkima akauliza: kilo ngapi kwa jumla?
Nikasema sijui.
Akaandika: hajui.
Wengine walinishika mkono.
Bibi Saithangi alichukua fimbo yake akatoka.

Jumamosi nikaenda kwake na gunia begani.
La nani hilo? Lako, bibi.
Akalitazama muda mrefu.
Mimi sikukupa wewe, akasema.
Rudisha ulikochukua.
Akafunga mlango.

Nikaanza kupanda kilima kuelekea kanisani,
sikufika hata kwenye kona ya bomba.
Gunia likachanika.
Mchele ukatawanyika njiani, katika changarawe,
katika majani, katika nyayo za mbuzi.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Mchele huzoleka,
lakini si kwa mtu aliyesimama.

Nikaokota. Kuku wakaja, nikawafukuza, wakarudi.
Jua likazama upande wa Aizawl,
nikaendelea kwa kupapasa, kucha zimejaa udongo,
nikilia au nikiomba, sikujua tofauti.

Kisha mwanga ukaniangukia mikononi.
Alikuwa amesimama juu yangu na taa,
shali kichwani, hasemi kitu.
Nikaokota. Akasogea, taa ikasogea.
Nikaokota.
Nilipodhani nimemaliza, nikafunga fundo la gunia,
akanionyesha kwa ncha ya fimbo:

pale. Umeacha moja.